Je, zipo mbegu za mbwa zilizo hatari kwa asili, au hatari huletwa na mfugaji?

Katibu wa Mtaa (Goba, Dar es Salaam)

Wana jukwaa, habari za jioni. Naomba mchango wenu katika jambo ambalo limeugawa mtaa wetu na ambalo, kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati ya wakazi, nimepewa jukumu la kuliandikia mapendekezo kabla ya mkutano ujao.

Jirani yetu mmoja ameleta mbwa wawili. Mmoja ni dume la Boerboel, mbwa mkubwa wa ulinzi mwenye asili ya Afrika Kusini, ambaye hajatimiza mwaka lakini kichwa chake tayari kinanifika kiunoni, na mwingine ni jike aliyeuzwa kwa jina la Pit Bull. Mpaka leo hawajamng'ata mtu. Mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa wazunguke uani, na getini pametundikwa kibao cha "Mbwa Mkali" kama ilivyo kwenye mageti mengi ya huku kwetu. Hata hivyo zimesambaa video kwenye makundi ya WhatsApp, nyingine za Afrika Kusini na nyingine za Uingereza, na wazazi ambao watoto wao hupita kando ya uzio ule kwenda shule wameingiwa na hofu ambayo siwezi kuipuuza.

Upande mmoja unataka mbegu hizo mbili, pamoja na Rottweiler, zisifugwe kabisa mtaani, kwa hoja kwamba ukali umo damuni mwao na hakuna malezi yatakayoutoa. Upande wa pili unajibu kwa methali, kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba mbwa yeyote, hata yule koko anayelala jalalani, huwa mpole au mkali kulingana na anavyotunzwa. Nimewasikiliza wote na nimeona kila mmoja anasema kwa uhakika unaozidi ushahidi alionao. Kwa hiyo nauliza: wataalamu wanasema nini kuhusu mbegu na ukali? Nchi zilizopiga marufuku baadhi ya mbwa zimevuna nini? Na lau ingekuwa ni wewe unayeandika masharti haya, ungeandika nini ili mtoto anayepita njiani alindwe bila kumwonea mfugaji ambaye hajakosea?

Daktari wa Mifugo (Arusha)

Dada Katibu, umeuliza vizuri, na nitajibu kwa kirefu kwa sababu suala hili huharibiwa na majibu mafupi. Mbegu ina maana, ila haina maana ile inayodaiwa na upande wa kwanza wa mtaa wako.

Mbwa wa mbegu ni matokeo ya binadamu kuchagua nani azae na nani, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya kazi fulani. Mtoto wa Pointer, mbwa wa kuwindia ndege, huweza kuganda ghafla na kunyoosha pua kuelekea alipo ndege hata kabla hajafundishwa na mtu. Border Collie asiye na kondoo wa kuchunga huwazunguka watoto wa nyumbani na kuwakusanya pembeni. Hakuna mfugaji mzoefu atakayekwambia kwamba tabia hizo zimetokana na malezi peke yake. Kwa mantiki hiyo hiyo, mbwa waliozalishwa Uingereza katika karne ya 19 kwa kuchanganya bulldog na terrier walikusudiwa vita. Bulldog wa zamani alikuwa mbwa wa kuwashambulia mafahali, na mchezo huo ulipopigwa marufuku mwaka 1835, mashabiki wake waliendelea kwa siri kuwapiganisha mbwa wao kwa wao mashimoni. Waliopendelewa kuzalishwa ni wale waliong'ang'ania na kutorudi nyuma hata wakiumia. Sifa hiyo haikuyeyuka kwa sababu tu leo wanalala sebuleni.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba mbwa fulani huzaliwa muuaji ni mwendo mrefu. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa uliofanyika Marekani, ambao ulikusanya majibu ya wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000 na kupima vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Ilionekana kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Utayari wa kumsikiliza binadamu ndio uliofuata mbegu zaidi, ilhali wepesi wa kuchokozeka ulikuwa miongoni mwa mambo ambayo mbegu iliyabashiri kwa kiasi kidogo kabisa. Miaka kadhaa kabla yake, mwaka 2008, utafiti mwingine uliotegemea majibu ya wamiliki uliwaweka Dachshund na Chihuahua karibu na kilele cha ukali dhidi ya wageni na hata dhidi ya wenyeji wao. Mbwa hao wadogo wakiuma, mtu hufunga kitambaa akaendelea na shughuli zake, na habari haiandikwi popote.

Sasa tuje kwenye vifo, maana ndivyo vinavyotisha. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1979 na 1998, katika vifo 238 ambavyo mbegu ya mbwa ilijulikana, zaidi ya nusu vilihusishwa na mbwa wa jamii ya Pit Bull na Rottweiler. Upande wa kwanza wa mtaa wako ukiipata takwimu hii utadhani umeshinda kesi. Watafiti wenyewe, hata hivyo, walionya kwamba mbegu zilizohusika hazikupungua 25, na kwamba hapakuwa na hesabu ya kuaminika ya mbwa wangapi wa kila mbegu wanaofugwa nchini humo, hivyo haikuwezekana kusema mbwa yupi anaua zaidi kuliko idadi yake inavyotarajiwa.

Utafiti ninaouthamini zaidi ni ule wa mwaka 2013, ambao ulichambua vifo 256 vilivyotokea Marekani kati ya 2000 na 2009 kwa kuwahoji wapelelezi badala ya kutegemea magazeti. Katika asilimia 87 ya vifo hapakuwa na mtu mwenye nguvu wa kuingilia kati. Katika asilimia 85 aliyeuawa hakuwa na mazoea na mbwa yule. Asilimia 84 ya visa vilihusu mbwa ambao hawakuhasiwa wala kufungwa kizazi, na asilimia 76 vilihusu mbwa waliofugwa kwa kutengwa na watu, yaani wa mnyororo, wa banda na wa uani, wasiojua maisha ya ndani ya familia. Katika visa vinne kati ya vitano, sababu zisizopungua nne za namna hii zilikutana mahali pamoja. Mbegu yenyewe iliweza kuthibitishwa katika asilimia 18 hivi ya visa tu.

Naomba usome tena sentensi yako kuhusu mbwa wa jirani: mchana bandani, usiku uani. Hilo linanitia wasiwasi kuliko jina la mbegu.

Mpeleka Barua (Coventry, Uingereza)

Shikamoo Daktari, na salamu kwa Katibu. Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi ya kusambaza barua huku Uingereza, kazi ambayo hukufundisha mbwa haraka. Tunatembea na kijiti bapa cha plastiki cha kusukumia barua kwenye tundu la mlango, kwa sababu wako mbwa wanaosubiri kimya upande wa pili na kudaka vidole bila kubweka hata mara moja.

Umeuliza marufuku imevuna nini. Hapa Uingereza sheria ya mbwa hatari ilipitishwa mwaka 1991, baada ya mfululizo wa mashambulizi yaliyoitikisa nchi. Ilitaja aina nne: Pit Bull Terrier, Tosa wa Kijapani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Aina hutambuliwa kwa umbo. Afisa aliyepewa mafunzo hupima urefu, hutazama kichwa, kifua na taya, kisha hulinganisha na maelezo yaliyoandikwa. Kwa hiyo mbwa ambaye wazazi wake hawakuwa Pit Bull anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye, na mwingine mwenye damu hiyo akapita kwa kuwa umbo lake halikutimiza vipimo.

Kilichofuata ndicho ambacho ningeomba kamati yako ikitafakari sana. Sheria ilitaja jina, na miaka ilipopita pakaingia mbwa asiye na jina hilo: American Bully wa ukubwa wa juu kabisa, anayejulikana kama XL Bully, ambaye asili yake ni mbwa wale wale wa jamii ya Pit Bull waliochanganywa na wengine ili kupata misuli na uzito. Baada ya vifo kadhaa, serikali ya Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, ilitangaza mwezi Septemba 2023 kwamba naye atapigwa marufuku. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 ikawa kosa katika England na Wales kumwuza, kumzalisha au kumtoa nje bila kamba na kifunga mdomo, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 ikawa kosa hata kummiliki bila hati maalumu ya kuruhusiwa kuendelea kumfuga. Aliyetaka hati hiyo ilimbidi amhasi mbwa, amwekee chipu ya utambulisho chini ya ngozi, amkatie bima na alipe ada. Mbwa zaidi ya 50,000 waliandikishwa kwa njia hiyo. Vipimo navyo vikarudi: dume kuanzia sentimita 51 begani na jike kuanzia sentimita 48, pamoja na umbo la kichwa na mwili.

Msimamo wangu, kama mtu anayegonga milango kila siku, ni kwamba masharti ya kamba, kifunga mdomo, bima na kuhasiwa yana faida ninayoiona kwa macho yangu mtaani. Kilicho dhaifu ni orodha ya majina. Uholanzi iliwapiga marufuku Pit Bull mwaka 1993 na mwaka 2008 ikatangaza kuachana na marufuku hiyo, kwa kuwa idadi ya watu wanaong'atwa haikushuka. Italia ilikuwa na orodha yake, ikaifuta mwaka 2009 na kuweka mzigo juu ya mwenye mbwa. Ontario nchini Kanada imeendelea na marufuku yake tangu 2005, huku Calgary, katika nchi hiyo hiyo, ikichagua leseni, faini na elimu kwa mbwa wote bila kujali mbegu. Denver kule Marekani ilishikilia marufuku kwa miaka zaidi ya 30, hadi wapiga kura walipoibadilisha mwaka 2020 na kuweka kibali maalumu.

Sheria ya hapa ina kifungu kingine kisichozungumzwa sana, nacho ndicho ninachokipenda: mwenye mbwa wa aina yoyote ile anayeachwa bila kudhibitiwa kiasi cha kuhatarisha watu anatenda kosa, na tangu mwaka 2014 kifungu hicho kinahusu hata ndani ya nyumba na ua wake.

Mama wa Kisauni (Mombasa)

Daktari, nimekusoma kwa heshima, na sina elimu ya kukupinga kuhusu vinasaba. Lakini naomba nizungumze kwa niaba ya upande ambao nyinyi wasomi huwa mnautaja kwa haraka.

Mtoto wa ndugu yangu alishambuliwa na mbwa mkubwa mwenye damu ya Rottweiler, nyumbani kwa watu ambao familia yetu ilizoeana nao. Hakuwa mbwa wa mnyororo; alikuwa akilala barazani na wenyeji wake walimpenda. Mtoto aliinama kuokota kiatu chake. Mbwa alimshika upande wa kichwa, na hakuachia aliposhikwa miguu ya nyuma wala alipomwagiwa maji. Ilibidi mwanaume mmoja amkabe kwa mkanda hadi alipolegea. Ngozi ya kichwa ilifunuka kutoka juu ya sikio hadi utosini. Yule mwenye mbwa alikuwa akilia kweli, na neno alilolirudia ni kwamba hajawahi kumng'ata mtu.

Hilo ndilo neno lao siku zote, na huenda ni la kweli. Tatizo ni kwamba kwa mbwa wa kienyeji wa kilo 15, kosa la kwanza ni jeraha la mguuni, nalo humwonya mwenyewe na majirani kabla ya kosa la pili. Kwa mbwa wa kilo 60 aliyezalishwa ili asiachie, kosa la kwanza linaweza kuwa msiba. Ukiniambia kwamba mbegu inaeleza asilimia 9 tu ya tabia, mimi nitakuuliza utafiti huo ulipima nini: mbwa kubweka, kukimbilia mpira, kuogopa wageni? Shambulio la namna ile ni tukio la nadra ambalo huenda lisionekane kabisa katika dodoso la wamiliki, lakini likitokea, ukubwa wa taya na namna ya kuuma ndivyo vinavyoamua kama mtoto ataishi.

Isitoshe, hapa pwani nyumba nyingi ni za Waislamu ambao hawafugi mbwa ndani, na watoto wetu wengi hukua bila kujua namna ya kukaa karibu na mnyama huyu. Wakimwona hukimbia na kupiga kelele. Siwezi kukubali kwamba ni wajibu wa mtoto wangu kujifunza lugha ya mbwa wa jirani ili afike madrasa salama. Wajibu huo ni wa yule aliyemleta.

Mkufunzi wa Mbwa wa Ulinzi (Nairobi)

Mama, pole sana kwa yaliyomfika mtoto. Hoja yako ni nzito, na mimi ninayefundisha mbwa wa kampuni za ulinzi naiunga mkono: anayesema mbwa wote ni sawa hajawahi kushikilia kamba ya Boerboel aliyeamua kwenda. Dume aliyekomaa wa mbegu ile hufikia kilo 70 na zaidi, na mtu mzima mwenye nguvu huburutwa akiwa amesimama.

Ningependa nijazie sehemu ya namna tunavyofuga hapa Afrika Mashariki, kwa sababu ndiyo inayozalisha kazi yangu. Mtu hununua mtoto wa mbwa mwenye wiki 6, humfungia bandani nyuma ya nyumba, na hawaruhusu watoto wala wageni wamsogelee kwa imani kwamba akiwazoea watu hatalinda. Wapo wanaochanganya pilipili kwenye ugali wake ili awe mkali, jambo ambalo humletea maumivu ya tumbo na hakuna zaidi. Kipindi cha kuanzia wiki ya 3 hadi kama wiki ya 14 ndicho ambacho mtoto wa mbwa hujifunza kwamba watoto wanaokimbia, mwendesha bodaboda mwenye kofia ngumu, mzee mwenye bakora na mama mwenye ndoo kichwani ni sehemu ya kawaida ya dunia. Akifungiwa kipindi chote hicho, kila kiumbe kati ya hao atakuwa adui atakapokutana naye siku geti limesahaulika wazi. Mbwa wa namna hiyo halindi nyumba kwa ushujaa. Ana hofu, na mwenye hofu huuma bila kuchagua nani ni mwizi na nani ni mtoto wa jirani aliyefuata mpira.

Katibu, ukipata nafasi ya kumtembelea jirani yako, simama nje ya banda bila kumkodolea mbwa macho, kisha mtazame kwa pembeni. Mbwa anayebweka huku mwili wake ukiyumba na mkia ukipiga kwa upana anakutangazia kwamba amekuona. Mbwa anayenyamaza, akafunga mdomo, akakaza mwili kuanzia shingo hadi mkia na kukutazama kwa jicho la upande hadi weupe wake ukaonekana, huyo anakupima, na hapo usisogeze mkono kwenye wavu hata kama mwenyewe anacheka na kukwambia kwamba hana neno. Nimewaona wa aina hii wa kila mbegu, pamoja na mbwa koko walioletwa kwangu na wamiliki waliokuwa wamechoka nao.

Kuhusu Afrika Kusini, mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya watoto kadhaa kuuawa, palizuka shinikizo kubwa la kuwapiga marufuku Pit Bull, na wamiliki wengi waliwasalimisha mbwa wao kwenye vituo vya ustawi wa wanyama. Huko pia kupiganisha mbwa ni kosa la jinai ambalo bado linaendelea gizani, na mbwa waliotokana na mizizi hiyo huuzwa kwa watu wa kawaida wanaotaka ulinzi dhidi ya wizi. Anayenunua hapati historia ya wazazi; hupata jina, picha na bei. Kwa hiyo Katibu asimwulize jirani yake mbegu pekee. Amwulize amemtoa kwa nani na kama aliwaona wazazi wake.

Muuguzi (Morogoro)

Nimefuatilia mjadala huu tangu mwanzo na naona kuna jambo ambalo limeachwa, nalo kwa nchi yetu ndilo linaloua.

Katika zahanati na vituo vya afya nilikofanya kazi, waliong'atwa na mbwa ninaowahudumia karibu wote wameumwa na mbwa wa kienyeji, wengi wao wasiojulikana ni wa nani. Jeraha mara nyingi ni dogo, alama mbili tatu kwenye shavu la mguu. Hatari yake haiko kwenye taya. Makadirio yanayotajwa kwa muda mrefu ni kwamba Watanzania wapatao 1,500 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na duniani kote makadirio ni watu 59,000, ambapo takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hana nafasi ya kupona. Nimemwona kijana ambaye koo lilikuwa likibana kila alipoletewa kikombe cha maji, akili yake ikiwa bado inafanya kazi na akijua kinachomjia. Mama yake alisema kijibwa kilichomuuma kilikuwa kidogo na hawakuona haja ya kuja hospitali.

Kwa hiyo mtaa unaotaka kumfukuza Boerboel aliyechanjwa, aliyefungiwa ndani ya uzio, huku mbwa koko kumi wasio na chanjo wakizunguka jalalani, utakuwa umeshughulikia hofu na kuiacha hatari. Kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo kunatosha kukata maambukizi. Pemba wameonyesha kwamba linawezekana: kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima ziliuondoa ugonjwa, ukarudi kwa kuletwa kutoka nje, na ukaondolewa tena kwa chanjo ile ile. Katika vijiji vinavyoizunguka Serengeti mbwa huchanjwa kwa ajili ya watu na pia kwa ajili ya wanyama wa hifadhi.

Naomba pia wazazi wa mtaa wako waelezwe jambo hili bila kusubiri mkutano. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kupunguza, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Wasipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Mbwa kama anajulikana asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu akibaki mzima siku zote hizo, ina maana hakuwa akiambukiza alipouma.

Katibu wa Mtaa (Goba, Dar es Salaam)

Nawashukuru nyote, na kipekee nimshukuru Mama wa Kisauni kwa kukubali kusimulia jambo zito kiasi hicho. Nimekaa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa tukaandika rasimu, na ninaiweka hapa muikosoe.

Tumeacha kutaja mbegu. Badala yake tunapendekeza kwamba kila mwenye mbwa, awe koko au wa mbegu, amwandikishe kwa mjumbe na aonyeshe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa isiyopitwa na wakati, na kwamba kamati imwalike ofisa mifugo wa kata kuchanja mbwa wote wa mtaa kwa siku moja, wakiwemo wasio na mwenyewe watakaoweza kukamatwa. Mbwa yeyote anayezidi kilo 30, kwa mbegu yoyote ile, atatakiwa kuwa ndani ya uzio asioweza kuuruka wala kupitisha kichwa, na geti liwe na komeo linalojifunga lenyewe. Akitolewa nje awe kwenye kamba, amefungwa mdomo, na anayemshika awe mtu mzima anayeweza kumzuia. Mbwa aliyewahi kumng'ata mtu atawekewa masharti hayo hata kama ana kilo 8. Mwenyewe atalipia matibabu yote ya aliyeumwa, pamoja na dozi zote za chanjo, ambazo sote tunajua zinavyoelemea familia. Jirani yetu nimemwonyesha rasimu; amekubali, na ameniuliza kwa dhati namna ya kuanza kumzoesha yule dume kwa watu kabla hajakomaa. Mkufunzi, nitakutafuta kwa ujumbe binafsi.

Daktari wa Mifugo (Arusha)

Kigezo cha uzito nakiafiki, kwa sababu kinapimwa kwa mizani na hakimpi mtu nafasi ya kubishana kuhusu jina la mbwa. Mama wa Kisauni pia yuko sahihi kuhusu mipaka ya ule utafiti wa 2022, maana tabia ya kila siku na ukubwa wa jeraha ni mambo mawili. Ningeongeza sharti la kuhasi dume na kufunga kizazi jike kwa wote wanaozidi uzito huo, isipokuwa mfugaji mwenye kibali cha kuzalisha, kwa kuwa watoto wa mbwa wanaouzwa kienyeji bila kumbukumbu ndio watakaokuwa tatizo la mtaa wa jirani mwakani. Huduma hiyo ifanywe na daktari mwenye leseni, kwa dawa ya usingizi.

Mama wa Kisauni (Mombasa)

Katibu, rasimu yako naikubali karibu yote. Ina pengo moja. Imeandikwa kana kwamba hatari inaanzia getini kwenda nje, ilhali mtoto wetu aliumizwa ndani, nyumbani kwa watu aliowazoea. Naomba uongeze kwamba mtoto wa chini ya miaka 10, awe wa nyumba hiyo, wa mgeni au wa mfanyakazi wa ndani, asiachwe peke yake na mbwa yeyote anayezidi uzito mliouweka, hata kwa muda wa kwenda kupokea simu, na mwenye mbwa atie saini kwamba ameelezwa hivyo siku ya kuandikisha.

Katibu wa Mtaa (Goba, Dar es Salaam)

Nimeliongeza, mara tu baada ya kipengele cha uzio. Sharti la Daktari nitaliwasilisha kama pendekezo la kujadiliwa, kwa sababu gharama ya upasuaji itahitaji kupangwa na ofisa mifugo kwanza. Mkutano ni Jumapili baada ya ibada, na nitaleta hapa kitakachopitishwa.